Mgeni Asiyeaga: Somo Juu ya Miti Ivamiayo Mitaa na Mashamba Yetu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Tumati



Katika gazeti letu la shule tumezoea kusoma habari za michezo, za mabweni na za mitihani. Leo naomba nafasi niwaeleze habari ya mti mmoja, na kwa njia ya mti huo habari za miti mingine ya namna yake. Sikulichagua somo hili kwa kuwa ni jepesi. Nimelichagua kwa sababu ninalo kosa langu mwenyewe ndani yake, nami naona heri kosa hilo liwafae wenzangu kuliko nilifiche.

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mti ni baraka. Tumeimbishwa hivyo, tumepewa miche siku za kupanda miti, na aliyeotesha mingi alisifiwa mbele ya mstari. Mafundisho hayo ni mema, nami siyapingi. Lakini nimekwisha kujifunza kwamba swali la kwanza si "Nipande miti mingapi?" bali "Nipande mti gani, na mahali gani?" Asiyeuliza hivyo aweza kupanda leo kitu ambacho wajukuu wake watakuwa waking'oa.

1. JINSI NILIVYOMKARIBISHA MGENI

Kwetu ni Magugu, kule bondeni, katika njia itokayo Arusha kwenda Babati. Aliyepata kupita huko alijua jua lake, na ameyaona mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji. Nilipomaliza Kidato cha Pili, mwezi wa Desemba, nalikwenda Dar es Salaam kumtembelea mjomba wangu akaaye Kimara.

Nyuma ya nyumba yake pana korongo dogo lipitishalo maji ya mvua. Korongo lote lilikuwa limejaa miti myembamba iliyosongamana hata mtu hawezi kupenya bila panga. Majani yake ni madogo madogo, mfano wa majani ya mkwaju. Maua yake ni meupe na ya mviringo kama vifundo vya pamba. Maganda yake ni bapa, ya rangi ya kahawia, nayo huning'inia kwa mafungu na kulia chakarachakara upepo uvumapo. Miche yake ilikuwa imechipua katika ufa wa ukuta wa jirani, katika mtaro wa barabara, na hata juu ya kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Mjomba alinieleza kuwa ni mlusina.

"Huu haufi," akasema. "Mwaka jana tuliukata siku mbili nzima, mimi na majirani. Tazama sasa. Umerudi mrefu kuliko mwanzo."

Maneno yale yalikuwa onyo, walakini mimi niliyasikia kama sifa. Mti usiokufa! Nikawakumbuka mbuzi wa baba wanavyokonda kila kiangazi, na mama anavyokwenda mbali kutafuta kuni. Nikachuma maganda makavu, nikajaza mbegu chupa moja ya maji, nikasafiri nayo katika basi kana kwamba nimebeba dhahabu.

Mwezi wa Januari, kabla ya kurudi shuleni, nilizimwagia mbegu 40 maji ya moto kama nilivyoelekezwa, nikazipanda kando ya mfereji wetu. Baba alinipongeza mbele ya wageni. Nilirudi Tumati nikijiona Bwana Shamba.

2. HUYU MGENI NI NANI?

Mlusina, ambao wataalamu huuita Leucaena leucocephala, asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Wahispania waliutawala ukanda ule, nao ndio waliouvusha bahari ya Pasifiki kwa merikebu mpaka visiwa vya Ufilipino. Kutoka huko ulisambazwa katika nchi nyingi za joto, ili uwe kivuli cha kahawa na chakula cha mifugo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 sifa zake zilivuma ulimwenguni, hata wengine wakauita mti wa ajabu. Yafaa tukiri kwamba sifa zile hazikuwa za uongo. Kwanza, mizizi yake hukaa na bakteria wanaoishika naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi, kama ifanyavyo mizizi ya maharage. Pili, majani yake yana protini nyingi. Tatu, kuni zake huwaka vizuri. Nne, ukikatwa huchipua tena upesi. Ndiyo maana ulihimizwa upandwe kwa safu kati ya mahindi, katika nchi yetu na katika nchi jirani.

Lakini mti huo huo umo katika orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya kabisa duniani, orodha iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Yawezekanaje kitu kimoja kisifiwe hivi na kulaumiwa hivi? Jibu ni kwamba sifa zake na makosa yake ni mambo yale yale. Humea upesi: hilo ni jema shambani mwako, ni baya shambani mwa jirani asiyeutaka. Haufi ukikatwa: hilo ni jema kwa mtafuta kuni, ni baya kwa mwenye nyumba ambaye ukuta wake umepasuka.

3. KWA NINI HUSHINDA?

Mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha kwamba mmea vamizi haushindi kwa nguvu bali kwa hesabu. Tuutazame mlusina kwa jicho hilo.

(a) Hauhitaji mwenzi. Ua lake laweza kujichavusha lenyewe. Mti mmoja peke yake, katika uwanja mtupu, watosha kuanzisha msitu.

(b) Hauna subira. Mahali pa joto mche waweza kutoa maua kabla haujatimiza mwaka mmoja, na baada ya hapo huzaa karibu mwaka mzima.

(c) Mbegu zake zina ganda gumu. Kilo moja huwa na mbegu kama 20,000, na kila mbegu yaweza kulala udongoni miaka mingi ikingoja mvua, moto au jembe liikwaruze ganda. Yale maji ya moto niliyomwaga mimi yalifanya kazi hiyo, yaani kulilainisha ganda ili maji yaingie. Kwa hiyo ukiukata mti wote leo, bado hujauondoa. Umeondoa mama tu, na watoto wangali wamelala chini.

(d) Huchipua kisikini. Panga peke yake haliuui.

(e) Umewaacha adui zake kwao. Huko Meksiko wako wadudu na magonjwa ya kuupunguza. Ugenini hawapo. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 mdudu mmoja mdogo afyonzaye majani yake, aitwaye Heteropsylla cubana, aliufuata hadi Afrika ya Mashariki na kuudhoofisha sana. Lakini hakuumaliza, kama korongo la Kimara linavyoshuhudia.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme mlusina mmoja umetoa maganda 100, na kila ganda lina mbegu 20. Hizo ni mbegu 2,000. Tuseme tena kwamba katika kila mbegu 100 ni moja tu iliyofika kuwa mti. Tutapata miti 20. Mwaka wa pili, kila mmoja wa hiyo 20 ukizaa 20, tutapata 400. Mwaka wa tatu, 8,000. Nambari hizi nimezichagua mimi kwa mfano, na mahali pa kweli udongo na kivuli vitazipunguza. Hata hivyo zaonyesha kwa nini watu husema, "Tulilala hakuna kitu, tukaamka msituni." Mwaka wa kwanza ilikuwa miti 20, nayo haimtishi mtu yeyote.

4. WENGINE WA NAMNA YAKE

Msidhani mlusina ni wa pekee. Hapa nitaeleza mifano mitano tu.

Mathenge wa Kenya. Mti huu wa miiba, Prosopis juliflora, ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1973, kusudi ufunike ardhi iliyochimbwa mawe ya saruji. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo ili kuzuia jangwa. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakatawanya mbegu kwa mavi, na mti ukafunga malisho na njia za kuendea maji. Utamu wa maganda ukaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Baringo waliishitaki serikali yao, nao walimleta Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi mahakamani. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mti huo kuwa gugu baya.

Musizi wa Amani. Huko Usambara Mashariki Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakaleta miti ya kila namna. Mmojawapo ni musizi, ambao kwao ni pande za Uganda na Ziwa Viktoria. Ndege hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazibeba mbegu mpaka ndani ya msitu wa asili, hasa mahali palipokatwa magogo. Tazameni basi: mti waweza kuwa mwenyeji Bukoba na mvamizi Amani, ndani ya nchi moja. Mpaka wa serikali si mpaka wa mimea.

Sena wa Mahale. Katika miaka ya 1960 wanakijiji wa pwani ya Ziwa Tanganyika walipanda mti wa maua ya manjano, Senna spectabilis, kupamba makazi yao. Watu walipohama, mti ulibaki, ukaenea katika milima ambayo tangu 1985 ni Hifadhi ya Taifa. Walinzi wamelazimika kupambana nao kwa kuzibandua maganda mashina yake. Aliyeupanda alitaka uzuri tu.

Mforosadi wa karatasi, huko Islamabad. Mji mkuu huo wa Pakistani ulijengwa katika miaka ya 1960, na mti huu uliletwa uufanye uwe wa kijani upesi. Ulifanya hivyo. Lakini kila mwaka majira ya machipuko, mwezi wa Machi na Aprili, chavua yake hujaa hewani, na watu wenye pumu hupata taabu kubwa. Mji umekuwa ukiikata miti hiyo miaka mingi, nayo bado ipo.

Ailanthus altissima, mti wa Uchina. Huu ulipelekwa Ulaya katika karne ya 18, na mwaka 1784 ukafika Philadelphia, Marekani. Leo huota katika nyufa za lami na nyuma ya nyumba za New York na miji mingine mingi. Mti mmoja wa kike waweza kutoa mbegu zaidi ya 300,000 kwa mwaka, tena kila mbegu ina bawa la kupeperukia. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya umekataza kuuuza na kuupanda.

Katika mifano yote mitano hakuna hata mmoja ulioletwa na mtu mwenye nia mbaya. Mmoja alitaka kuponya ardhi, mwingine alitaka mbao, mwingine uzuri, mwingine kivuli. Nami nilitaka mbuzi wanenepe.

5. JE, KILA MTI MGENI NI ADUI?

La, hasha. Hapa wenzangu wengine huruka mpaka. Mahindi tulayo bwenini asili yake ni Amerika. Viazi pia. Mgrivea tuuonao pembeni mwa mashamba mengi asili yake ni Australia, na watu wanafaidi mbao zake. Wataalamu wa Uingereza katika miaka ya 1990 walitoa kanuni ya kukisia: katika mimea kumi iletwayo nchini, kama mmoja hutoroka na kumea porini wenyewe; katika hiyo iliyotoroka, kama mmoja kwa kumi hukaa na kuzaana; na katika hiyo iliyokaa, kama mmoja kwa kumi huwa balaa. Kanuni hiyo si sheria, lakini yatufundisha mambo mawili: kwamba wageni wengi hawana ubaya, na kwamba huyo mmoja atosha.

Tena tusijione sisi ni wa kuonewa tu. Kibobakasi, ule mti wa Afrika wenye maua mekundu kama moto, ni mvamizi huko Hawaii na Fiji, nao umo katika orodha ile ile ya viumbe 100. Mgunga wetu aina ya Vachellia nilotica umeharibu malisho makubwa huko Queensland, Australia, na wafugaji wa kule hupambana nao mwaka hata mwaka. Kwa hiyo ubaya haumo katika taifa la mti. Ubaya watokana na mti kufika mahali usipokuwa na wa kuuzuia, na watu wa mahali hapo kuchelewa kuuangalia.

6. YALIYOTUPATA NYUMBANI

Sasa narudi Magugu. Nilipokwenda likizo ya Juni, nikiwa Kidato cha Tatu, miti yangu ilikuwa imenipita kimo na ilikuwa imetoa maua. Mbuzi walikuwa wamenawiri. Niliwaandikia marafiki barua za majivuno. Desemba maganda yalikuwa kahawia. Sikuyachuma. Nani achume maganda wakati wa sikukuu?

Likizo ya Juni ya mwaka huu nilifika nyumbani jioni. Baba alinijibu salamu, kisha akaniambia, "Kesho asubuhi nenda kamwamkie jirani yetu yule mama, uone kazi yako."

Mama huyo ni mjane, naye hupanda bamia na nyanya upande wa chini wa mfereji wetu. Bustani hiyo ndiyo imlipiayo ada na madaftari ya watoto. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia kwa upole, akanionyesha. Maji ya mfereji yalikuwa yamezichukua mbegu zangu na kuzitua katika matuta yake. Nilihesabu miche 63 katika mita moja ya mraba. Alikuwa amekwisha kumlipa kijana mmoja mara mbili ang'oe, nayo ilirudi mara zote mbili.

"Mwanangu," akaniambia, "nilipoona inaota nilidhani ni baraka, nikaiacha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angalinigombeza.

Jambo la pili lilikuwa punda wake achotaye maji. Alikuwa amenyonyoka manyoya ya shingoni na mkiani, mpaka watu wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi. Nilipowauliza watoto, waliniambia kwamba wakati wa kiangazi walikuwa wakimpa matawi ya miti yetu karibu kila siku. Nilikumbuka somo. Majani ya mlusina yana sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huivumilia wakila kwa kiasi, na wataalamu hushauri isizidi theluthi ya chakula chao. Punda, farasi na nguruwe hawaivumilii, nao hunyonyoka manyoya. Mwanasayansi wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa na bakteria tumboni wanaoivunja sumu hiyo, na bakteria hao wakaitwa Synergistes jonesii kwa heshima yake. Punda wa jirani yetu hana bahati hiyo. Tukaacha kumpa matawi yale, na mpaka niliporudi shuleni manyoya mapya yalikuwa yameanza kuota. Uchawi ukaisha.

Likizo ile yote sikucheza mpira hata siku moja. Niling'oa miche katika bustani ya yule mama, tuta moja baada ya jingine. Nilijifunza kwa mikono yangu jambo ambalo halimo katika daftari: mche wenye majani manne hung'oka kwa vidole viwili, wenye miezi mitatu wahitaji mikono miwili, wenye mwaka mmoja wahitaji jembe, panga na ndugu wawili.

7. JINSI YA KUISHI NAYO

Mahali ambapo miti hii imekwisha kuenea, kama katika mitaa ya miji yetu, ni vigumu kuifuta kabisa. Hapana budi kuishi nayo kwa akili. Haya ndiyo niliyoyapata kwa walimu, kwa vitabu na kwa kazi yenyewe:

Kwanza, kata maganda yangali mabichi. Ukishinda mwaka mmoja bila mbegu mpya kuanguka, umepunguza kazi ya miaka mingi ijayo.

Pili, ng'oa miche udongo ungali na unyevu wa mvua, kabla haijapita goti. Samaki mkunje angali mbichi.

Tatu, usikate shina na kuondoka. Rudi kila mwezi uyavunje machipukizi mpaka kisiki kichoke. Mwenye kutaka kutumia dawa ya kuua visiki amwulize kwanza Bwana Shamba, hasa karibu na maji.

Nne, anzeni palipo pachache. Watu hupenda kuushambulia msitu mkubwa na kuiacha miche mitano ya pembeni. Heri kinyume chake, kwa maana hiyo mitano ndiyo msitu wa kesho.

Tano, mjini msifanye kila mtu peke yake. Mjomba alisafisha uwanja wake, lakini kiwanja tupu cha jirani kiliendelea kumpelekea mbegu. Mtaro, reli na kiwanja kisichojengwa havina mwenye kuvipalilia, na ndipo mti hujificha. Kazi hiyo yafaa iwe ya mtaa mzima, chini ya serikali ya mtaa, siku ya usafi.

Sita, tumieni kilichokatwa. Kuni, fito, mkaa na majani ya mbuzi ni mali. Lakini tahadharini: mtu akianza kupata fedha kwa mti huo, asije akaupanda tena ili fedha zisikome.

Saba, pandeni kitu mahali pake. Ardhi iliyoachwa tupu huwaita wale wale warudi. Huku milimani kwetu mringaringa na mruka hustawi. Kando ya maji bondeni mkuyu huushika udongo tangu zamani za babu zetu.

Nane, uonapo mmea usioujua unaenea upesi, toa habari. Gugukaroti lilipoonekana Arusha mwaka 2010, lilikuwa mahali pachache tu. Sasa iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na makao yake yako Arusha, si mbali nasi.

Labda mwenzangu wa Tumati atasema, "Mlusina wapenda joto. Huku kwetu baridi itatulinda." Ni kweli kwamba baridi huuzuia. Lakini uko muwati, mti wa Australia upendao nyanda za juu zenye baridi. Huko Njombe ulipandwa kwa wingi tangu mwisho wa miaka ya 1940 kwa ajili ya maganda yake yatengenezayo ngozi, nao umo katika orodha ile ile. Kila hali ya hewa ina mgeni wake.

8. NENO LA BABA

Siku mbili kabla sijarudi shuleni nilimwambia baba kwamba nataka kuikata miti yangu yote 40. Baba hakukubali upesi. Akaniuliza, "Na mbuzi watakula nini mwezi wa Septemba? Na mama yako atapikia nini?" Sikuwa na jibu zuri, kwa maana mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niipande.

Tukakaa chini ya mti mmojawapo tukashauriana. Mwisho tukapatana hivi: miti iliyo ukingoni mwa mfereji, ambayo ni 26, ikatwe na visiki vyake vivunjwe machipukizi kila mwezi, iliyo karibu na zizi, ambayo ni 14, ibaki, lakini isiachwe ipite kimo cha mtu wala itoe ganda hata moja. Mdogo wangu wa darasa la sita amepewa kazi hiyo nisipokuwapo. Kando ya mfereji tumepanda mikuyu mitatu. Ni michache, nayo haina haraka.

Baba akasema, "Wazee walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ulimwacha mgeni wako akakaa miaka miwili bila jembe."

Sijui kama tutafaulu. Mbegu zilizokwisha kulala udongoni zitaendelea kuota hata nikiwa nimemaliza shule, na yule mama ataendelea kuinama juu ya matuta yake. Nimemwahidi kwamba baada ya mtihani wa Novemba nitarudi nimsaidie. Naandika ahadi hii hapa ili walimu wangu na wazazi wasomao gazeti hili wawe mashahidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini sifa za mlusina na makosa yake ni mambo yale yale.
2. Ikiwa mti mmoja umetoa maganda 150, kila ganda mbegu 18, na mbegu moja katika kila 100 hufika kuwa mti, miti mingapi itapatikana?
3. Musizi ni mwenyeji mahali gani, na ni mvamizi mahali gani? Jibu lako lakufundisha nini juu ya mipaka?
4. Kwa nini si salama kumlisha punda majani ya mlusina?
5. Tembea kuzunguka nyumbani kwenu likizo ijayo. Taja mti mmoja ambao miaka mitano iliyopita haukuwapo. Nani aliuleta, na sasa umefika wapi?